Juu ya kichwa kidogo, na jeni inayoitwa ASPM



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya mpira, juu ya chakula cha internati na juu ya wale wanaochelewa asubuhi. Leo tunaomba nafasi kwa jambo lingine. Limetuletea ugomvi katika darasa yetu ya tano Bio-Chimie, na ugomvi huo haujaisha mpaka sasa.

Mwanzo wake ni huu. Tulipomaliza somo la Mendel na njegere zake, mwalimu wa biolojia alitupa mfano wa jeni moja ya mwanadamu, akaandika jina lake ubaoni: ASPM. Alisema ni jeni inayosaidia ubongo wa mtoto kukua tumboni mwa mama, na kama imeharibika mtoto anazaliwa na kichwa kidogo. Kengele ililia, tukatoka. Kwenye rekreasio mmoja wetu alisema kwa sauti: "Basi ni ile jene ya akili! Nilisoma, Wazungu waliipima kwa mashini, wakaona siye batu beusi hatuna ile ya nguvu." Wengine walicheka. Mwingine akaongeza: "Na ule mutoto wa kule chini, mudogo wa fulani, ule haiko jene. Ule walimuroga, kila mutu anajua."

Huyo fulani ni mwenzetu wa darasa. Alikuwa amesimama palepale, na kikombe cha maji mkononi. Hakusema neno. Alimwaga maji, akarudi darasani kukaa peke yake, na kwa siku mbili hakuna aliyesikia sauti yake.

Tulisikia haya, maana wengi wetu tulicheka. Ndipo tulikwenda kwa mwalimu, watu saba, tukamwomba atueleze jambo hili mpaka mwisho, na alikubali kutupa jioni tatu baada ya etidi. Tunaandika hapa tuliyoyaelewa, pamoja na mawazo yetu wenyewe. Na wazo letu tunalitoa tangu sasa ili msitafute: yale maneno mawili ya rekreasio, lile la uchawi na lile la "jene ya akili", ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza linavaa nguo ya zamani, la pili linavaa koti nyeupe ya laboratwari, lakini yote mawili yanatafuta mtu wa kudharau.

Tuanze na kazi yenyewe ya jeni hii. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na gramu 300 au 400, na neuroni zilizomo ni karibu miliyari 86. Miliyari, si milioni! Zote zinatoka wapi? Zinatoka kwa chembe mama, ambazo katika majuma ya kwanza ya mimba zimejipanga kandokando ya mfereji mdogo wenye maji, ule ambao baadaye utakuwa vyumba vya ndani vya ubongo. Mwanzoni kila chembe mama inajigawa kuwa chembe mama mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Baadaye zinageuza kazi. Chembe mama inapojigawa, mmoja wa watoto anabaki kuwa chembe mama, na mwingine anaanza safari ya kupanda juu, kwenda kuwa neuroni katika ganda la nje la ubongo. Neuroni ikisha kuwa neuroni haijigawi tena.

Mama mkulima wa kwetu anaelewa jambo hili kutupita sisi. Akivuna maharagi anatenga sehemu ya mbegu, na sehemu nyingine inaingia chunguni. Harage lililopikwa halioti. Kama anapika mapema mno, wakati mbegu ingali chache, shamba la msimu unaokuja litakuwa dogo, hata kama udongo ni mzuri na mvua imenyesha. Basi chembe mama ndiyo mbegu, neuroni ndiyo maharagi ya chunguni. Na hesabu yake ni kali. Mbegu moja ikijigawa mara 10 tunapata 1,024. Ikijigawa mara 9 tunapata 512. Mara moja tu imekosekana, na nusu ya shamba haiko.

Sasa ASPM inaingia wapi? Wale waliofuata somo la mitozi (hatutaji wale waliolala) wanakumbuka ile picha ya nyuzi zinazotoka kwenye ncha mbili za chembe, zinavuta kromozomu nusu huku nusu kule. Protini inayotengenezwa kufuata jeni ASPM inakaa kwenye ncha za nyuzi hizo. Inasaidia nyuzi zijipange sawasawa, na chembe mama iendelee mahali pake na kazi yake ya mbegu. Protini hiyo ikikosekana, chembe mama nyingi zinaacha kazi ya mbegu kabla ya wakati. Ndiyo maana mtoto anazaliwa na ubongo mdogo. Lakini angalieni: ubongo huo si takataka. Matabaka yake yapo, sehemu zake zipo, umejengwa kwa utaratibu kama wa wengine. Ni mdogo, na mikunjo yake ya juu ni michache. Basi.

Jeni hii ilijulikana kwanza kwa inzi mdogo wa matunda, yule anayeruka juu ya ndizi zilizoiva sana. Kwa mwanadamu ilitangazwa mwaka 2002, na watafiti waliokuwa pamoja na daktari Geoffrey Woods katika mji wa Leeds, Uingereza. Walikuwa wakifuata jamaa ambamo watoto zaidi ya mmoja walizaliwa na vichwa vidogo, jamaa nyingi zenye asili ya Pakistani, ambako mara nyingi watoto wa ndugu wanaoana. Kwa nini ndoa hizo zilisaidia kuipata? Hapa ndipo njegere za Mendel zinarudi, na hapa ndipo tunaomba kila mtu asome polepole.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mtu mwenye nakala moja nzima na nakala moja mbovu hana shida yoyote. Kichwa chake ni kama cha wengine, anasoma, anaoa, anazeeka, hajui hata kama anabeba kitu. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kwa kila mimba iko bahati 1 kwa 4 kwamba mtoto atapokea nakala mbovu pande zote mbili. Na kama bwana na bibi wanatoka kwa babu mmoja, ni rahisi zaidi wote wawili wawe wamerithi nakala ileile.

Fungueni daftari, mtazame ule mraba tuliochora. Herufi moja inatoka upande wa baba, herufi moja upande wa mama. Haiwezekani mtoto awe na nakala mbovu mbili bila baba kutoa yake. Kwa nini basi, kule mtaani, ni mama peke yake anayeulizwa? Alikula nini wakati wa mimba? Alivuka mto gani usiku? Alimtukana mzee gani? Mama wa mwenzetu aliulizwa hayo yote, na wakwe zake, na majirani, hata na watu wasiojua jina lake. Wengine walisema kwamba baba ndiye aliuzisha akili ya mtoto ili apate pesa, na ukitazama nyumba yao unajiuliza hizo pesa zilikwenda wapi.

Tuseme pia jambo moja ili mtu asitushitaki kwamba tumejifanya waganga. Hatujui kama yule mtoto ana shida ya ASPM. Hakuna aliyepima damu yake, na vipimo vya namna hiyo haviko katika sentre ya afya yetu. Tena jeni si sababu peke yake. Ziko jeni nyingine zinazofanya kazi jirani na hii. Uko ugonjwa wa rubela ukimpata mama mjamzito. Iko pombe nyingi wakati wa mimba. Uko virusi vya Zika, ambavyo watu wa Brazili waliviona vizuri sana mwaka 2015 na 2016, watoto wengi walipozaliwa na vichwa vidogo. Sababu ni nyingi, na kutazama mtoto kwa macho tu barabarani hakuwezi kuzipambanua. Lakini katika hizo zote hatukuona hata moja inayoitwa jirani mwenye wivu.

Na watoto hao wanaishi namna gani? Mwalimu alituambia kwamba wale wa ASPM mara nyingi hawana ugonjwa mwingine mwilini. Wanatembea, wanajifunza kula wenyewe na kuvaa, wengi wanasema ijapokuwa wanachelewa, na wengine wanajifunza kusoma na kuandika kidogo. Wanahitaji muda na mtu wa kuwarudilia maneno. Mtoto anayefungiwa nyumba ya nyuma ili wageni wasimuone hapati muda, wala hapati mtu.

Sasa twende kwa lile koti nyeupe.

Mwenzetu aliyesema kwamba "siye hatuna" hakubuni. Alikuwa amesoma kweli, ila alisoma nusu. Mwaka 2005 mtaalamu Bruce Lahn na kundi lake, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walitoa makala mawili katika jarida kubwa la Science. Walisema kwamba iko namna moja ya ASPM iliyotokea karibu miaka 5,800 iliyopita, na namna moja ya jeni nyingine ya kazi hiyohiyo, Microcephalin, iliyotokea karibu miaka 37,000 iliyopita. Kwamba zilienea haraka kupita kawaida. Na kwamba ni chache zaidi kwa watu wa Afrika kusini ya Sahara. Kisha walitaja kwamba nyakati hizo zinakaribiana na nyakati za sanaa, za kilimo na za miji. Mnaona njia inakoelekea. Magazeti yalifika haraka, na watu wengine walipiga makofi, maana walikuwa wanangojea habari ya namna hiyo tangu zamani.

Hatukatai mtu kuuliza swali. Lakini hapa watu walichanganya vitu viwili. Nakala mbovu ni kitu kimoja, namna tofauti ni kitu kingine. Sisi hapa tunaandika "mutu" tunapoandikiana barua, na katika vitabu wanaandika "mtu". Herufi moja imeongezeka, maana ni ileile, na anayesoma anaelewa. Kufuta nusu ya neno, hapo maana inakufa. Watoto wa Leeds walikuwa na neno lililokatwa. Mambo ya mwaka 2005 yalikuwa juu ya "mutu" na "mtu".

Na watu walikwenda kupima. Walichukua watu wazima, wakapiga picha za bongo zao kwa mashini, wakatafuta kama wenye namna mpya wana ubongo mkubwa kuliko wengine. Hawakuona tofauti. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya mitihani ya akili kwa watu zaidi ya 2,000, na Lahn mwenyewe alikuwa kati ya waandishi: wenye namna mpya hawakuwapita wengine. Hiyo ndiyo nusu ambayo mwenzetu hakusoma. Tena ile namna ya ASPM ni chache hata kwa watu wa Asia ya mashariki, na hatujasikia mtu anayesema kwamba Wachina hawana akili. Tulimwonyesha hayo, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe walifunga mjadala na mimi nilikuwa bado kule mlangoni." Tunamshukuru kwa kukubali, si wote wanaweza.

Jambo la kupima vichwa ili kupanga watu halikuanza jana. Huko Philadelphia, Marekani, daktari Samuel Morton alikuwa anajaza mafuvu ya watu kwa mbegu, na baadaye kwa risasi ndogondogo za bunduki, ili ajue ukubwa wake. Kitabu chake juu ya mafuvu kilitoka mwaka 1839, na wenye kutetea utumwa walikipenda. Na jirani zetu wa Rwanda na Burundi wanajua kwamba wakati wa Wabeljiji vichwa na pua zilipimwa kwa vyuma, na walipanda nini juu ya vipimo hivyo. Basi kijana mweusi wa leo anapochukua kipimo hichohicho, akajipima mwenyewe, na akafurahi kuonekana mdogo, sisi tunashangaa sana.

Lakini kwa kuwa watu walibishana, siku moja ya Jumamosi tulifanya kama Morton. Hatukutumia risasi, tulitumia utepe wa fundi cherehani. Tulipima vichwa vyote vya chumba chetu cha internati, tukapanga majina kufuata vipimo, kisha tukaweka kando ya kila jina pointi za muhula uliopita. Hatutataja majina kwa sababu mwenye kichwa kikubwa kupita wote ana mikono mikubwa vilevile. Tuseme tu kwamba alirudia hesabu mara mbili, na wa kwanza wa darasa alikuwa wa tatu kutoka chini katika utepe. Mwalimu alicheka, akatupa mfano wa watu waliosoma kutupita: Anatole France, mwandishi Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1921, ubongo wake ulipopimwa baada ya kufa ulikuwa na karibu kilo moja tu, ule wa mwandishi Mrusi Turgenev ulikuwa na karibu kilo mbili. Nani atasema kwamba huyu aliandika mara mbili kupita yule? Na ubongo wa tembo una kilo zaidi ya nne, lakini tembo hajaomba nafasi hapa kwetu.

Kwa hiyo tunasema: ASPM ni jeni ya kujenga. Inafanya kazi katika chembe zinazojigawa, pamoja na jeni nyingine nyingi sana. Kusema ni "jene ya akili" ni kama kusema mwenye kufyatua matofali ndiye aliyefundisha watoto katika shule iliyojengwa.

Iko hata sababu nyingine ya kutokuwa na haraka. Watafiti walipoharibu jeni hii kwa panya, ubongo wa panya ulipungua kidogo tu, karibu sehemu 10 kwa 100. Mtu angeweza kusema jeni hii haina kazi kubwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walirudia jambo hilo kwa mnyama anayeitwa fureti, mla nyama mdogo anayefanana na kicheche, ambaye ubongo wake una mikunjo kama wetu. Hapo uzito ulipungua sehemu 25 mpaka 40 kwa 100. Waliona pia kwamba chembe mama zilikuwa zinaacha mahali pake mapema na kuondoka. Jeni ni ileile, wote wawili ni wanyama wenye kunyonyesha, na matokeo yanaachana hivyo. Kama fureti na panya wanatofautiana namna hii, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumtazama mtoto wa jirani mara moja na kutoa hukumu?

Tunaomba sasa msamaha kwa walimu wetu, maana tunataka kuwagusa nao kidogo. Tumesikia, si mara moja, mwalimu akirudisha kopi ya interogasio na kusema: "Wewe, kichwa yako ndogo kama limao." Tunajua ni mchezo, na sisi tunacheka. Lakini mwenzetu yule anasikia neno hilo kwa sikio lingine. Anaporudi nyumbani jioni, limao liko pale mlangoni linamngojea, linaita jina lake.

Na kwa wale wa mtaani wanaoendelea na habari ya kurogwa: sheria ya nchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu chake cha 160, inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto uchawi, kifungo cha mwaka mmoja mpaka miaka mitatu pamoja na faini. Tuliandika maneno hayo kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye mti wa kisima. Mvua iliyachukua siku ya tatu. Tumeandika mengine.

Mwenzetu alisoma makala haya kabla ya kuchapwa, na alitukubalia tuyatoe bila jina lake. Alifuta sentensi mbili tulizoandika za kumhurumia, akasema hazina kazi. Siku ya mechi ya mwisho alimleta mdogo wake uwanjani, mara ya kwanza. Mtoto ana miaka saba, alikaa kwenye benchi kati ya wasichana wa darasa ya pili, na kila mara mpira ulipotoka nje alisimama na kupiga makofi, hata tulipofungwa sisi. Wadogo wawili walianza kucheka kichwa chake. Dada mmoja wa darasa ya sita aliwauliza kama wanataka kupimwa na utepe, wakanyamaza.